Orodha Niliyoipanga kwa Alfabeti

Mara moja tu maishani mwangu nimewahi kuwa mkuu wa watu kazini. Ilikuwa kwa majuma matatu hivi, juu mlimani, kwenye barabara ambayo siku hizi mtu anaipita kwa pikipiki bila hata kuiangalia. Tangu hapo nimefanya kazi chini ya wakubwa wa kila namna, na kila ninapomwona mtu amesimama mbele ya wenzake anawagawia kazi, humtazama sana mikono na macho, nikitafuta kitu fulani. Sijakipata. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuyazungusha kichwani peke yangu, si kwa sababu nimeyaelewa.

Mimi ni mtu wa Bungu, milima hiyohiyo ya Usambaa. Shule niliiacha darasa la nne. Nyumbani hatukuwa na shida kuliko wengine, ila nilikuwa siwezi kukaa. Mwalimu akieleza mvua inatoka wapi, mimi nilitaka kutoka nje nikaitazame. Nikateremka mashamba ya mkonge, nikakata mkonge msimu mmoja. Nikapanda tena milimani, nikafanya kazi kiwanda cha chai, kisha kwa wapasua mbao, kisha utingo wa lori la kabichi kati ya Lushoto na Mombo. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua mashine inavyozunguka na nani anamwogopa nani. Nikishajua, miguu inaniwasha, naondoka.

Miaka michache baada ya Azimio, lori hilo likakatika ekseli kwenye njia ya kwenda Mtae, na dereva akaniambia nisubiri kijijini wakati anatafuta spea. Hakurudi. Nikapewa kibanda na chakula kwa mama mmoja mjane, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, kwa sharti la kumpasulia kuni. Hivyo ndivyo nilivyoikuta barabara.

Kijiji kilikuwa juu ya mgongo wa mlima, na gari liliishia bondeni. Mgonjwa alibebwa kwenye machela mpaka chini. Watu walikuwa wameamua kuchimba barabara yao wenyewe, kwa jembe, sururu na mtaimbo, kwa msaragambo, kama tunavyoiita huku kazi ya wote isiyo na malipo. Pembe ikipigwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Mtu huyo anapewa kipande chake cha kuchimba, kimewekewa mambo, yaani vigingi vya miti, huku na huku, na akikimaliza anakwenda shambani kwake.

Aliyegawa vipande alikuwa mzee mmoja mfupi, mvuta ugoro, mwenye kikohozi. Nilikuwa namtazama kila siku na kila siku ananichosha. Alikuwa hana kipimo. Alitembea na fimbo, akimsalimia huyu, akimuuliza yule habari za mbuzi, akisimama na mwingine wanacheka jambo la miaka ishirini iliyopita. Kisha anachomeka mambo: huyu hatua nane, huyu kumi na mbili, yule pale mbele kabisa, mwingine arudi nyuma. Ukungu unaondoka, jua linapanda, yeye bado anasalimia. Saa nzima ilipotea hivyo kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimefanya kazi kiwandani, kwenye king'ora na saa ya ukutani. Nikajiambia, mzee huyu anaua kazi.

Nilikosea kulisema hilo kwa sauti, tena mbele ya Bwana Maendeleo.

Bwana Maendeleo alikuwa kijana wa serikali aliyepanda kutoka Lushoto kila baada ya majuma mawili kuangalia kazi. Hakutaka kuitwa bwana. Alisema sote ni ndugu, lakini watu wangu wa mlimani walikuwa wanamwita Ndugu Bwana Maendeleo, na yeye akachoka kuwasahihisha. Alipoona mambo zimechomekwa bila mpango, akamuuliza mzee kwa nini huyu ana hatua nane na huyu kumi na mbili.

Mzee akapiga chafya ya ugoro. "Ndivyo walivyo," akasema.

"Ndivyo walivyo vipi, mzee wangu? Ujamaa ni usawa."

"Eti. Na mlima nao umeambiwa?"

Watu wakacheka. Bwana Maendeleo hakucheka. Akauliza nani kati yetu anajua kusoma na kuandika vizuri, na nani amewahi kufanya kazi mahali penye utaratibu. Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha kama ninavyonyoosha mkono kila mahali, kwa kutaka kujua kitakachofuata. Nikafanywa katibu wa kazi palepale. Mzee alinipa fimbo yake, akaokota jembe, akaenda kuchimba kipande kama wengine.

Jioni ile, kabla hajateremka, Bwana Maendeleo aliniita pembeni. Akaniambia kwamba barabara ikifika juu ya mgongo kabla ya masika, idara ya barabara itachukua mtu mmoja kutoka hapa kwa kazi ya kudumu. Atafundishwa kuendesha greda.

Greda nilikuwa nimeliona mara moja tu, kule Soni. Lilikuwa limesimama kando ya njia, na kisu chake kile kirefu tumboni, na dereva ameinama kwenye usukani kama mtu anayesikiliza. Nilizunguka mtambo ule mpaka nikafukuzwa. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kukaa pale juu. Kwa mara ya kwanza nilifikiri kwamba kuna mahali ningeweza kukaa nisichoke. Kwa hiyo barabara ikawa yangu. Ilibaki kama mwendo wa nusu saa kwa miguu kufika juu, na masika yalikuwa bado miezi miwili.

Nikakata ufito mmoja ulionyooka, urefu wa kimo changu. Kila mtu fito tano, si zaidi si pungufu. Kisha nikaandika orodha. Kiwandani orodha ilipangwa kwa alfabeti, kwa jina la ukoo, na nilikuwa nikiipenda sana ile, namna jina la mtu linavyojua pa kukaa. Tatizo la kwetu Usambaani ni kwamba majina mengi ya koo huanza na She. Karibu nusu ya kijiji ikaangukia herufi moja. Nikapanga kwa herufi ya nne, ya tano, ya sita. Wajane nikawaandika kwa majina ya waume zao. Nilifanya kazi ile siku nzima, na nilipomaliza niliitazama kama mtu aliyejenga nyumba.

Siku ya kwanza ugawaji ulichukua muda mfupi kuliko kuwasha moto. Nilisimama, nikasoma majina, kila mtu akaenda. Nilimtafuta mzee kwa macho. Alikuwa anajikuna shingo.

Siku ya tatu niliona mapengo. Vipande vingine vilikuwa vimechimbwa vizuri, vingine havijaguswa. Mtu yupo, nimemwona amekuja, jembe liko pale, lakini mwenyewe hayupo. Nikimtafuta namkuta nyuma ya magugu, amekaa.

"Mbona huchimbi?"

"Nitachimba, katibu."

"Lini?"

"Baadaye kidogo."

Mwenye nyumba wangu, yule mjane, alikuwa mmoja wao. Mwanamke aliyelima tangu alfajiri bila kunyoosha mgongo, sasa alikaa kwenye jiwe chini ya njia na kanga kichwani kama aliyefiwa. Kipande kinachofuata chake kilikuwa cha mwanamume mmoja mpasua mbao, mkimya, mwenye nguvu za watu wawili. Naye alikuwa amekaa, ila upande wa pili wa kona. Nilipita katikati yao nikihesabu fito zangu.

Ikumbukwe barabara ile ilikatwa ubavuni mwa mlima. Juu ni ukuta wa udongo, chini ni mteremko. Hakuna njia nyingine ya kupita ila kwenye vipande vya wenzako. Kipande kimoja kisipochimbwa, udongo wa juu hauna pa kupita. Juma la pili tulisonga kidogo sana hata naona aibu kusema. Nikawahutubia. Niliyatumia maneno yote ya redioni, maendeleo, kujitegemea, jasho. Walinipigia makofi, kisha wakaenda kukaa.

Bwana Maendeleo alipokuja akaangalia yale mapengo, akaangalia orodha yangu. Orodha aliisifu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna watu wanaopinga. "Niandikie majina yao," akasema.

Nilishika kalamu. Nakumbuka nilivyoishika. Greda lilikuwa mbele yangu, na majina nilikuwa nayo yote, tena kwa alfabeti. Sijui hadi leo kilichonizuia, sitaki kujisifia kwamba ni wema. Nadhani ilikuwa kwamba sikujua wanapinga nini, na siwezi kuandika kitu nisichokijua. Nikamwambia anipe juma moja.

Siku iliyofuata nilimkuta mjane akimenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi nimewakosea nini?"

Akaendelea kumenya. "Wewe mtu wa Bungu, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Huko Bungu hawaoi?"

"Wanaoa."

"Na aliyeoa bintiye mtu, anainama na jembe mbele ya mama mkwe? Na mama mkwe anainama, amemgeuzia mgongo mkwewe, siku nzima, watu wanapita wanaangalia? Kwenu ndivyo?"

Kisu cha viazi kilisimama hewani. Mimi pia nilisimama. Mpasua mbao alikuwa amemwoa binti yake wa pili. Nilijua. Niliwahi kumwona akishuka pembeni ya njia, ndani ya umande mpaka magotini, ili mama huyu apite. Nilikuwa nimezaliwa katika desturi ile, nimelelewa nayo, na ufito wangu ukanifanya nisiione. Sasa nikaanza kuvikumbuka vile vikao vya asubuhi vya mzee, habari za mbuzi, "wewe nenda mbele, wewe rudi nyuma." Nusu ya kijiji walikuwa wakwe wa nusu nyingine, na mimi nilikuwa nimewapanga kwa herufi ya nne.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kitu hicho husemwa?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemrudishia mzee fimbo yake. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimepata jinsi mashine inavyozunguka, na kilichobaki kilikuwa kuichora. Nikachukua daftari jipya, nikapita nyumba kwa nyumba. Nani amemwoa nani? Nani hapiti mbele ya nani? Watu walinijibu kwa shida, wakiangalia pembeni, wengine wakinikaribisha makande ili ninyamaze. Nikachora mistari, nikaweka nyota kwa wakwe. Kulikuwa na binti mmoja aliyegombana na mumewe akarudi kwao, na sikujua kama yule mume bado ni mkwe wa mama yake au la. Hapo nikaweka alama ya kuuliza.

Jumatatu, pembe ikapigwa, watu wakaja. Nikasimama na daftari. Nikasema nimeelewa tatizo, na kuanzia leo wakwe wote watatenganishwa. Nikaanza kusoma. Fulani na fulani, ni wakwe, watengane. Fulani na fulani. Nilimtaja mjane kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, mbele ya mkwe wake. Nikafika kwenye ile alama ya kuuliza, nikauliza.

Kwanza kulikuwa na kicheko kimoja nyuma, cha mtu aliyeshtuka. Kisha yule binti aliyerudi kwao akageuka akaondoka na jembe begani. Mpasua mbao alikuwa amefunika uso wake kwa kofia. Mjane alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua.

"Umemaliza kutuvua nguo?" akasema. "Au kuna ukurasa mwingine?"

Ulikuwepo ukurasa mwingine. Nilifunga daftari.

Hawakuondoka. Hilo nalo silielewi. Kama wangeondoka ningeelewa. Walibaki wamesimama wote, wamenikasirikia, na hakuna aliyejua afanye nini, mimi zaidi ya wote. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa nyika. Nikaenda alipokuwa mzee, nikampa fimbo kwa mikono miwili.

"Umeichoka?" akauliza.

"Sijui kuitumia, mzee."

"Hata mimi. Huwa naishika tu isianguke."

Akaondoka nayo, akaanza kusalimia. Siku ile salamu zilikuwa fupi. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua, nimeamua safari hii nione kila kitu. Akachomeka mambo: hatua saba, hatua kumi na tano. Alipofika kwa mjane akamwekea kipande kwenye kona. Halafu akamwita mpasua mbao, akamwekea kipande kinachofuata. Jirani kabisa. Bega kwa bega.

Nilifikiri amesahau. Nikamvuta mkono. "Mzee, wale ni..."

"Nyamaza. Hukuyasema ya kutosha?"

Na wakachimba. Mjane aliinama, mpasua mbao akainama, wamepeana migongo, sururu zikapanda na kushuka, na sikuona aibu wala kusita. Siku ile tulisogea kuliko juma zima lililotangulia. Siku ya pili hivyohivyo. Watu walikuja kabla ya pembe. Hawakuimba, hawakutaniana, walichimba tu kwa hasira, na kila nilipopita na karai la udongo kuna mtu alitema mate pembeni.

Siku ya nne nikamwuliza mzee wakati wa kula. Nilimsihi. Nikamwambia nimezunguka mlima huu wote kwa ajili ya kujua vitu kama hivi.

Alivuta ugoro wake taratibu. "Wana hasira na wewe," akasema. "Watu wakikasirikia mtu mmoja, wanaweza kukaa karibu."

"Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua nini? Niliwasalimia, nikawasikia. Leo wako hivyo. Kesho kutwa hasira ikiisha, nitawatenganisha."

"Na utajuaje imeisha?"

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Si nitawasalimia?"

Barabara ilifika juu ya mgongo siku chache kabla mvua hazijakolea. Kona moja tu ilikuwa nyembamba. Bwana Maendeleo alipanda na gari la idara mpaka juu, matairi yakiteleza, watu wakilisukuma na kupiga vigelegele. Akashuka, akapeana mikono na kila mtu, akauliza nani ameongoza kazi hii mpaka hapa.

Nilikuwa na daftari kwapani. Nilitaka kusema ni mzee. Nadhani nilitaka. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka, na nyuma ya yule ofisa niliona lile gari, na nyuma ya gari nikaona greda ambalo halikuwepo.

Mzee ndiye aliyesema. Aliinua fimbo akanielekezea mimi. "Huyu. Bila huyu tusingefika."

Watu walicheka sana, wakarudia kucheka. Bwana Maendeleo alicheka pia bila kujua anacheka nini, akanipiga begani, akatoa mfukoni barua ya idara, akaandika jina langu. Nilimtazama mzee. Sikuona dhihaka usoni mwake, wala sikuona wema. Alikuwa anakohoa. Alisema kweli, nafikiri. Bila mimi wasingekasirika, na bila hasira wasingechimba vile. Lakini bila mimi pia wasingekuwa wamesimama majuma matatu. Nimelihesabu jambo hili kutoka pande zote na halitoki sawa. Huenda alikuwa ananizawadia. Huenda alikuwa ananiondoa kijijini kwa njia ya haraka kuliko zote. Huenda vyote viwili, na kwake yeye hakuna tofauti.

Niliondoka kesho yake asubuhi, na mzigo wangu mdogo na ile barua ndani ya shati. Watu walikuwa barabarani wanachimba mfereji wa maji kabla mvua haijaila kona. Mjane alikuwa pale kwenye kipande chake. Mkwe wake nilimwona mbali kabisa, upande wa juu, karibu na mzee. Kumbe hasira ilikuwa imeisha, au ndiyo ilikuwa inaisha.

"Mama, nakwenda. Shikamoo. Nisameheni."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Jembe likaingia kwenye udongo mwekundu, akalivuta, akautupa udongo chini ya mteremko. "Haya, nenda kaendeshe mtambo wako. Tukikwama tena tutakuita, uje tukukasirikie."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilisimama pale kidogo nikingoja nijue kama ni utani, kisha mtu aliyekuwa nyuma yangu na karai la udongo akaniambia nimpishe, na nikampisha.